John Kemeny, mwalimu aliyefungulia watoto ordinatere

John Kemeny alizaliwa Budapest, mu Hungaria, mwaka 1926, katika jamaa ya Wayahudi. Mwaka 1940 walikimbilia Marekani juu ya Wanazi. Babu yake alikataa kuondoka, akauawa.

Mwaka 1945, akiwa askari kijana, alitumwa Los Alamos, pale walitengeneza bombe atomike. Uranium yake mingi ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga, ilichimbwa na mikono ya wababa zetu. Kemeny alitumika kwenye hesabu, na mashini za kadi. Zilikwenda polepole sana.

Nyuma ya vita akawa mwalimu wa hesabu ku Dartmouth. Ile wakati ordinatere ilikuwa ya mafundi tu. Yeye alikataa. Mwaka 1964, pamoja na mwenzake Thomas Kurtz, alitengeneza BASIC, lugha ya maneno machache ambayo kila mwanafunzi anaweza kushika.

Miaka ya 1970 ordinatere ndogo zikatoka, na BASIC njo lugha iliyokuwa ndani ya mingi kati yao. Mtoto anaandika mistari tano, mashini inamuonyesha namna jiwe linaanguka, ao namna deni linapanda kila mwezi. Akikosea, anarekebisha mwenyewe, bila fimbo.

Kemeny alikufa mwaka 1992. Baba, kama mtoto wako anauliza hesabu ni ya kazi gani, mwambie: ile hesabu iliyotumika kwa bombe, mtu mmoja aliirudisha kwa watoto.