Equiano na Harambee ya Kitabu Chake

Mwaka jana nilinunua riwaya kwenye steji ya matatu. Mwandishi alikuwa ameipigisha chapa kwa pesa zake mwenyewe. Lo! Ukurasa wa 40 ulifuatwa na wa 57, na mzee aliyezikwa mwanzoni alikuja kunywa chai mwishoni. Tangu siku hiyo nilimcheka kila anayejichapishia. Nilicheka hadi niliposoma habari za Olaudah Equiano, nikanyamaza, maana hata mimi nina hadithi ndani ya daftari chini ya godoro.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Equiano alizaliwa mwaka wa 1745 hivi katika nchi ya Waigbo, Nigeria ya leo. Akiwa na miaka kumi na mmoja hivi alitekwa pamoja na dada yake, akauzwa, akavushwa bahari. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alimnunua, akambandika jina Gustavus Vassa. Baadaye aliuzwa tena, akajikuta kisiwani Montserrat. Huko alianza kuchuuza kwa peni tatu tu: alinunua bilauri moja kisiwa kingine, akaiuza kwa bei maradufu. Bilauri, jamani! Kidogo kidogo akafikisha pauni 40, na mwaka wa 1766 akajikomboa.

Sasa twende kwenye kitabu. Mwaka wa 1788, akiwa London, alitaka kutoa habari za maisha yake ili watu waione biashara ya watumwa ilivyo. Mswada hakuuuza. Aliitisha harambee, tuseme hivyo: anayetaka kitabu ajiandikishe na kulipa nusu ya bei mapema. Kilipotoka mwaka wa 1789 kilikuwa na orodha ya wachangaji 311, na Mwanamfalme wa Wales yumo! Haki za kitabu zikabaki kuwa zake.

Na ubora je? Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Alikipitia kitabu tena na tena, akisahihisha na kuongeza, mpaka mwaka wa 1794 zikawa chapa tisa. Alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland akikiuza mwenyewe. Mwaka wa 1792 magazeti yalidai ati hakuzaliwa Afrika. Hakujificha; katika chapa iliyofuata alitaja watu waliomjua alipofika bila kujua Kiingereza. (Hata hivyo, rekodi ya ubatizo wake ya mwaka wa 1759 yasema alizaliwa Carolina, na wataalamu wangali wanabishana.)

Alimwoa Susannah Cullen mwaka wa 1792, wakajaliwa mabinti wawili. Alifariki tarehe 31 Machi 1797, miaka kumi kabla ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ile. Binti aliyebaki, Joanna, alirithi pauni 950 mwaka wa 1816.

Daftari langu nimelitoa chini ya godoro. Jana nilikuta shangazi aliyekufa ukurasa wa 12 anaolewa ukurasa wa 30. Nikimaliza kusahihisha nitapita madarasani na karatasi ya majina, kwa hivyo wanaklabu, msinikimbie.