Daktari Whipple na Kongosho
Shemeji yangu wa Voi alipopasuliwa kongosho, siku ya tatu madaktari waliyapima maji yatokayo kwenye mpira wa tumboni, nasi nje twaomba Mungu. Ndipo nikamkumbuka marehemu Allen Whipple, Mmarekani aliyezaliwa Urmia, Uajemi, mwaka 1881.

Mwaka 1935, huko New York, alitangaza upasuaji huu kwa awamu mbili. 1940 akaufanya kwa mara moja. Maishani mwake aliufanya mara 37 tu. Si ajabu: kongosho laini, lenye mfereji mwembamba, halishiki mshono, na likivuja maji yake hula nyama. Hofu hiyo ingalipo.

Uzeeni alitunga kitabu juu ya Wanestori na Waislamu katika historia ya utabibu. Kilitoka 1967, miaka minne baada ya kufa kwake.

Shemeji, alhamdulillahi, hakuvuja.