Frederick Banting, munganga wa watoto wenye sukari

Mbele ya mwaka wa 1922, wazazi ambao mutoto wao alishikwa na ugonjwa wa sukari walikuwa wanajua mwisho wake. Mutoto alikuwa anakunywa maji bila kushiba, anaamuka usiku mara mingi juu ya kukojoa, anakonda hata kama anakula muzuri. Kiisha mwaka mumoja ao miwili, anaingia koma na kufa. Baba na mama wa kambini, mushike vizuri alama hizo, juu zingali zilezile leo. Huku kwetu watu wanafikiri ni malaria, wengine wanasema ni bulozi, na siku zinapita, wakati tone moja tu la damu ku kidole lingeonyesha sukari mara moja.

Ugonjwa huu hautoke ku sukari ya chai. Ndani ya tumbo, nyuma ya kifuko cha chakula, kuko kiungo kinaitwa kongosho, ile Wafaransa wanaita pankreasi. Njo kinatoa insulini, ile inafungulia sukari mulango wa kuingia mu mwili. Kwa watoto hawa, askari wa damu, wale wanaopiganisha mikrobi, wanakosea adui na kushambulia kongosho lao wenyewe. Insulini inaisha, sukari inabaki mu damu, mwili unakufa njaa katikati ya chakula.

Mutu aliyefungua njia alikuwa mutoto wa mulimaji. Frederick Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 mu shamba karibu na Alliston, katika Kanada, kitinda-mimba wa watoto watano. Ku masomo hakuwa wa ajabu: mwaka wake wa kwanza ku iniversite ya Toronto aliuanguka. Akabadilisha, akaingia uganga mwaka wa 1912. Vita ya kwanza ya dunia ikawaharakisha, wakamalizishwa masomo mu mwisho wa 1916, akatumwa Ulaya. Septemba 1918, karibu na muji wa Cambrai, Ufaransa, kipande cha bomu kikamupasua mukono wa kuume. Aliendelea kutunza wenzake kwa saa nyingi na mukono ule ukitoka damu, na serkali ikamupa medali.

Nyuma ya vita akafungua kabine yake katika London, si ile ya Uingereza, ni muji mudogo wa Kanada. Wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza mu 1920, alipata dola 4 tu. Juu ya kujisaidia, akaanza kufundisha kidogo ku iniversite ya pale, na usiku mumoja, kuelekea tarehe 31 Oktoba 1920, akitayarisha somo juu ya kongosho, akasoma habari moja na usingizi ukamukimbia. Saa nane za usiku akaandika wazo lake ku karatasi: kufunga mufereji wa kongosho la imbwa, kungoja sehemu moja ikauke, kiisha kutoa ile dawa inayobaki ndani.

Akapeleka wazo lile kwa Macleod, profesa mukubwa wa Toronto. Profesa hakushangilia, lakini akamupa laboratware, imbwa kumi, na mwanafunzi mumoja. Kulikuwa wanafunzi wawili, wakatupa kipande cha franga juu ya kujua nani ataanza. Charles Best njo alishinda. Mu Mei 1921 kazi ikaanza, wakati wa joto kali. Imbwa mingi zilikufa. Banting hakulipwa, akauzisha hata motokari yake. Lakini kuelekea Agosti, imbwa zilizoondolewa kongosho zilisimama tena ku miguu, sukari ya damu ikashuka. Mu Desemba, Collip, mutaalamu wa kemia, akaingia juu ya kusafisha dawa ile.

Tarehe 11 Januari 1922, ku lopitali kubwa ya Toronto, walipiga shindano la kwanza kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa na kilo 29 tu. Dawa ilikuwa chafu, haikusaidia sana, na pale walipomuchoma pakavimba. Tarehe 23 wakarudi na dawa ya Collip. Sukari ikashuka karibu kawaida. Kijana yule aliongeza miaka 13 ya maisha.

Hapa tuseme kidogo juu ya kuchelewesha, sababu Banting hakuwa wa kwanza kutafuta njia ya kupata siku. Munganga mumoja wa Marekani, Frederick Allen, alikuwa anawanyima wagonjwa chakula: kukula kidogo sana, juu sukari isipande. Watoto walipata miezi, wengine miaka, lakini walikuwa mifupa na ngozi. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya inje wa Marekani, alikaa hivyo miaka tatu. Alipofika kwa Banting mu Agosti 1922, alikuwa karibu na miaka 15 na kilo 20. Aliishi mupaka 1981, akazaa na akazeeka. Ku mawazo yangu, njaa ile ya Allen, hata kama ilikuwa kali, njo ilimufikisha ku shindano.

Wale wenye kugundua waliuzishia iniversite haki ya dawa kwa dola 1 kila mumoja, juu hakuna mutu aifunge. Mwaka wa 1923 Banting na Macleod wakapewa zawadi ya Nobel. Banting akakasirika kwa kuona Best amesahauliwa, akamugawia nusu ya franga zake. Macleod naye akagawia Collip. Kusema kweli hawakupendana, na mara moja Banting na Collip walikaribia kupigana mu laboratware. Lakini ku jambo moja Banting alikuwa mwangalifu: alisema mbele ya wakubwa wa Nobel kwamba insulini haiponyeshe ugonjwa, inautunza tu.

Mu miaka ya 1930 watu wa laboratware yake walichunguza pia silikosi, ule ugonjwa wa mapafu ambao mavumbi ya mawe yanaleta kwa watu wa migodi. Hiyo wasomaji wetu wanaijua bila kufundishwa. Mu Februari 1941, akienda Uingereza kwa kazi ya vita, ndege yake ilianguka Newfoundland, akafa kesho yake, tarehe 21. Alikuwa na miaka 49.

Swali alilolifungua likabaki: je, mutu anaweza kuuzuia ugonjwa mbele haujaanza? Mu miaka ya 1970 wataalamu waliona mu damu alama za wale askari waliokosea njia, na kiisha wakajua kama zinaweza kuonekana miaka mingi mbele ya kiu na mukojo. Kule Ulaya na Marekani, ndugu wa mutoto mugonjwa wanaopatwa nao ni karibu 5 juu ya 100. Kwa watoto wengine hawafike 1. Basi Wamarekani wakachukua dawa yenyewe ya Banting, wakaipiga kidogokidogo kwa jamaa za wagonjwa waliokuwa na alama zile. Mu 2002 jibu likatoka: waliopigwa na wasiopigwa walishikwa sawasawa.

Dawa nyingine, teplizumabu, haigusi sukari, inatuliza wale askari. Mu 2019 walitangaza majaribio kwa watu 76, wengi wao watoto, waliokuwa na alama na sukari imeanza kuyumba. Walioitiliwa mu mushipa siku 14 walikaa karibu miaka 4 mbele ya ugonjwa, wengine karibu 2. Marekani ikaikubali mu Novemba 2022, tangu miaka 8 na kupanda. Bei yake ilitangazwa zaidi ya dola 190 000 kwa mutu mumoja. Haizuie kabisa, inachelewesha: mutoto wa miaka 8 anaweza kufika 10 ao 11 mbele ya shindano la kwanza.