Mtemi Mirambo

Mtemi Mirambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtawala wa Wanyamwezi aliyejenga dola kubwa katika uwanda wa kati wa Tanzania ya leo. Makao yake makuu yalikuwa Urambo, katika Mkoa wa Tabora. Anakumbukwa hasa kwa vita vyake dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora.

Maisha ya awali

Alikuwa mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Jina Mirambo, lenye maana ya maiti, alilipata kutokana na vita. Alirithi utemi akiwa kijana, akaunganisha Uyowa na Ulyankuru, kisha akazishinda tawala ndogo za jirani kwa kutumia askari walioitwa rugaruga.

Bunduki na baruti

Wahunzi wa Unyamwezi walifua majembe na mikuki, lakini bunduki na sehemu kubwa ya baruti zilitoka pwani. Misafara ilipita Mpwapwa na Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, ambako watemi wa Wagogo walitoza hongo, ndipo ikafika Tabora. Aliyeishika njia hiyo aliweza kumnyima mtemi silaha.

Bunduki nyingi za wakati huo zilikuwa gumegume na magobori yaliyoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi yanayovuta unyevu. Mtutu usipooshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta hushika kutu upesi, hasa wakati wa mvua, na ulioliwa na kutu unaweza kumpasukia mpigaji. Baruti nayo ikilowa haiwaki. Kwa hiyo jeshi la bunduki lilihitaji matunzo ya kila siku, na pia njia iliyo wazi ya kupata silaha mpya.

Vita na Waarabu wa Tabora

Henry Morton Stanley aliandika kwamba Mirambo alidai kwa msafara mmoja wa Ujiji mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, na baada ya kulipwa akaukatalia kupita. Agosti 1871 Waarabu walimshambulia, Stanley akiwa pamoja nao. Waliteka Ulyankuru, lakini walipokuwa wakirudi na nyara Mirambo aliwavizia na kuwashinda. Baadaye alichoma sehemu ya Tabora. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa.

Uhusiano na Wazungu

Mwaka 1876 Mirambo na Stanley walichanjiana udugu. Mwaka 1879 alimpokea Urambo Dk. Ebenezer Southon, mmisionari wa London Missionary Society. Urafiki huo ulimpa matumaini ya kufika pwani bila kuwategemea Waarabu. Hata hivyo, mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika shambulio la askari wake huko Pimbwe, na imani ya Waingereza kwake ikapungua. Southon alifariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa ajali.

Kifo na urithi

Mirambo alifariki kwa ugonjwa tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini dola haikudumu: ilisimama juu ya uwezo wa mtu mmoja na silaha zilizotoka mbali. Shule ya Sekondari Milambo mjini Tabora imepewa jina lake.