Tom Clark: mwamuzi aliyerudisha waamuzi kwenye masomo

Sisi watu wa sindika ya migodi hatuna desturi ya kuelezea maisha ya waamuzi. Tunaandika zaidi juu ya mishahara, juu ya wenzetu walioangukiwa na mawe, juu ya kazi ya sutretansi. Leo tunataka kuelezea maisha ya Tom Clark, Mmarekani aliyekufa zamani, mwaka wa 1977. Sababu ni mbili. Ya kwanza, huyu mtu alipeleka wachimba migodi kwenye tribinali na akawashinda. Ya pili, ni yeye huyo huyo aliyetumika miaka mingi ili waamuzi wa nchi yake warudi kusoma. Hizo sababu mbili tunapenda kuzieleza pamoja, juu zote zinatugusa.

Thomas Campbell Clark alizaliwa tarehe 23 Septemba 1899 katika mji wa Dallas, jimbo la Texas. Baba yake alikuwa avoka. Mtoto akafuata njia ya baba: alisoma sheria kwenye Université ya Texas, akamaliza mwaka wa 1922, kisha akaingia kutumika katika kabine ya jamaa. Kwa miaka fulani alikuwa avoka wa serkali pale Dallas kwa mambo ya madai. Mwaka wa 1937 akahamia Washington, akaingia kwenye wizara ya sheria. Alikuwa mtu wa kucheka na watu, mwenye kujua kusalimia mkubwa na mdogo, na alipanda haraka.

Hapa tunapashwa kusema ukweli wote, hatuandiki maisha ya mtakatifu. Mwaka wa 1942, Amerika ilipokuwa katika vita na Japani, serkali ilitoa watu wenye asili ya Kijapani katika makao yao upande wa bahari ya magharibi, ikawafungia katika makambi. Walikuwa zaidi ya 110.000, na wengi wao walikuwa raia wa Amerika kabisa, wamezaliwa pale pale. Hakuna aliyepita mbele ya mwamuzi kwanza. Clark alikuwa mmoja wa wakubwa waliopanga ile kazi. Baadaye, akiwa mzee, alikubali mbele ya watu kwamba lilikuwa kosa na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ndani. Wakubwa wengi hawafiki pale.

Mwaka wa 1945 Rais Truman alimfanya waziri wa sheria. Njo pale alikutana na wachimba migodi.

Ilikuwa migodi ya makaa ya mawe, sawa vile yale ya Luena kwetu. Wakati ule makaa njo ilikuwa nguvu ya Amerika: treni, viwanda, moto wa nyumba wakati wa baridi, vyote viliyategemea. Wachimbaji karibu 400.000 walikuwa katika sindika moja, United Mine Workers, chini ya John L. Lewis, mtu wa nyusi nzito na kichwa kigumu. Tarehe 1 Aprili 1946 wakasimamisha kazi. Walilomba usalama chini ya ardhi, na fuko la kutunza wagonjwa, wazee na wajane. Mwezi wa tano serkali ikakamata migodi mikononi mwa mapatro, ikasaini mapatano na Lewis. Kwa kila tani ya makaa, senti 5 zingeingia kwenye fuko la wachimbaji. Kwa mtu wa sindika, ile ni ushindi mkubwa sana. Hata leo wengi wetu hatujapata kitu cha namna hiyo.

Lakini kufika mwezi wa kumi na moja, Lewis na serkali hawakusikilizana tena. Lewis akatangaza kwamba mapatano yamekwisha, na wachimbaji walijua maana yake: hakuna mapatano, hakuna kazi. Wizara ya Clark ikakimbilia tribinali ya Washington, ikalomba amri ya kuzuia. Mwamuzi T. Alan Goldsborough akaitoa. Wachimbaji wakabaki nyumbani hata hivyo. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili mwamuzi akakata hukumu ya kudharau tribinali: sindika ilipe dola milioni 3,5, na Lewis mwenyewe alipe dola 10.000. Siku chache kisha, Lewis akarudisha watu kwenye shimo.

Sasa angalieni vizuri. Tangu mwaka wa 1932 kulikuwa sheria iliyokataza waamuzi wa serkali kuu kutoa amri za kuvunja mgomo. Goldsborough mwenyewe alikuwa mbunge wakati sheria ile ilipopita. Watu wa Clark walieleza kwamba sheria ile inazungumzia patro wa kawaida, haizungumzii serkali yenyewe ikiwa patro. Sindika ilieleza kinyume. Mwezi wa tatu 1947 Tribinali Kuu ikakubali upande wa serkali. Ilisema tena kwamba amri ya mwamuzi inapashwa kufuatwa mpaka tribinali ya juu iivunje, hata kama unaona haina haki. Faini ya sindika ikashushwa kufika dola 700.000, kwa sharti kwamba itii.

Sisi hatukubali ile hukumu, na hatutaikubali. Lakini tuliposoma juu yake, tuliona kitu kimoja. Mgomo wa watu 400.000, pamoja na wake na watoto wao, ulisimama juu ya maana ya maneno machache ya sheria. Aliyepashwa kuyaelewa alikuwa mtu mmoja amekaa kwenye kiti. Kama hajui, au anajua nusu, ni familia ngapi zinalipa?

Wizara ya Clark ilifanya na mengine ya kuhuzunisha. Mwisho wa 1947 alitangaza orodha ya mashirika yaliyohesabiwa kuwa maadui wa serkali, bila kuyasikiliza kwanza. Watu wengi walipoteza kazi juu ya kuonekana karibu na moja ya yale majina.

Mwaka wa 1949 Truman akampandisha kwenye Tribinali Kuu. Wengi walizani atakuwa mtu wa kusema ndiyo kwa rafiki yake. Haikuwa hivyo. Mwezi wa nne 1952, wakati wa vita ya Korea, Truman alikamata viwanda vya chuma juu wafanyakazi walitaka kugoma. Mapatro wakashtaki. Waamuzi 6 juu ya 9 wakasema rais hana ruhusa hiyo, na Clark alikuwa kati ya wale 6. Mtu aliyempa kiti alishindwa, na kura ya Clark ilikuwa ndani ya kushindwa kwake.

Kisha ikaja hukumu inayobeba jina lake zaidi. Katika mji wa Cleveland, mwaka wa 1957, polisi waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mama mmoja, Dollree Mapp, bila ruhusa halali ya mwamuzi. Walikuwa wanatafuta mtu. Walipekua kila sanduku, wakatoka na vitabu vilivyokatazwa, wakamshtaki kwa vile. Mwaka wa 1961 Clark aliandika hukumu ya Tribinali Kuu: ushahidi uliokamatwa kwa kuvunja katiba hauwezi kutumika, hata katika tribinali za majimbo. Mama Mapp akawa huru.

Sasa fikirini ile asubuhi iliyofuata. Katika majimbo 50 kulikuwa maelfu ya waamuzi, kila mtu katika mji wake mdogo. Majimbo mengi yalikuwa yanakubali ushahidi wa namna ile tangu zamani. Ghafula sheria imegeuka. Nani atawafundisha? Amerika haikuwa na masomo ya kutayarisha waamuzi. Kule, mahali pengi, mwamuzi anachaguliwa kwa kura au anatajwa na gavana. Mtu amekuwa avoka wa mambo ya mashamba na mirathi kwa miaka ishirini, leo anavaa joho, kesho anahukumu kesi ya mauaji. Hakuna aliyemuonyesha namna ya kuongoza kesi, namna ya kupima ushahidi, namna ya kukata azabu. Alijifunza kwa kukosea. Na waliolipa makosa yake ni watu waliosimama mbele yake.

Clark alikuwa ameisha kuona ile hatari. Tangu miaka ya 1950 alikuwa anatumika na chama cha maavoka cha Amerika juu ya kutengeneza tribinali. Kuanzia 1961 aliongoza komite iliyozunguka nchi na mikutano ya masomo kwa waamuzi. Wengine hawakupenda. Mwamuzi ni mtu wa heshima. Kumwambia akae tena kwenye benchi la mwanafunzi ni sawa na kumwambia hajui. Wengine waliogopa kwamba anayemfundisha mwamuzi atamuamuru. Clark na wenzake walipata jibu rahisi: waalimu wawe waamuzi wenyewe. Anayejua kitu amuonyeshe mwenzake, wakae pamoja kwenye meza, kila mtu alete kesi iliyomchosha.

Mwaka wa 1963 walianzisha chuo kwa waamuzi wa majimbo, kwa msaada wa fondation Kellogg. Masomo ya kwanza yalifanyika wakati wa joto, 1964, kwenye Université ya Colorado, mji wa Boulder. Kisha chuo kikahamia Reno, jimbo la Nevada, na kiko pale mpaka leo, kinaitwa National Judicial College. Waamuzi wanatoka mbali, wanaacha tribinali zao kwa muda, wanasoma, wanarudi.

Mwaka wa 1967 Rais Johnson akamtaja Ramsey Clark, mtoto wa Tom, kuwa waziri wa sheria. Kesi nyingi za Tribinali Kuu zinaletwa na ile wizara. Mzee akaona baba hawezi kuhukumu kesi za mtoto wake. Akatoka kwenye kiti, na hakuna aliyemsukuma. Nafasi yake ikachukuliwa na Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Tribinali Kuu ya Amerika.

Hakwenda kulala. Mwisho wa mwaka ule ule sheria ikaunda nyumba ya utafiti na mafunzo kwa waamuzi wa serkali kuu, Federal Judicial Center. Clark akawa mkubwa wake wa kwanza, kuanzia 1968 mpaka 1970. Kisha akazunguka kukaa katika tribinali za chini yake, huku na kule, kusaidia kupunguza kesi zilizorundikana. Alifia katika usingizi tarehe 13 Juni 1977, New York, nyumbani kwa Ramsey, akiwa na miaka 77. Alikuwa amefika kule kwa kukaa kwenye kesi za rufaa.

Kwa nini tunaeleza haya kwetu Kongo? Angalieni vitabu vya sheria vyenye kutuhusu. Kode ya kazi ya 1967 ilikufa mwaka wa 2002, mpya ikazaliwa, na ile mpya ikarekebishwa 2016. Kode ya migodi nayo ilitoka 2002, ikarekebishwa 2018. Mwamuzi aliyemaliza masomo mwaka wa 1998 alifundishwa vitabu ambavyo leo ni vya kufungia karanga. Haiko kosa lake. Itakuwa kosa kama hakuna anayemrudisha kusoma. INAFORJ, ile nyumba ya serkali ya kufundisha waamuzi, iko. Tunalomba ifike na huku kwenye migodi, isibaki Kinshasa tu.

Na sisi? Miaka fulani iliyopita tulisindikiza mwenzetu mmoja kwenye tribinali ya kazi. Kompanyi ilimfukuza kisha mgongo wake kuharibika kazini. Avoka wa kompanyi akasoma kifungu cha sheria, hesabu ya mwenzetu ikashuka sana, tukatoka vichwa chini. Kumbe kifungu kile kilikuwa cha kode ya zamani. Kwenye rufaa ilionekana, lakini wakati ule mwenzetu alikuwa ameisha kuuzisha nyumba yake.

Tulimtukana mwamuzi njiani kote. Lakini munajua namna tribinali ya kazi inakaa. Sheria ya 2002 inaweka watu watatu: mwamuzi katikati, upande mmoja mtu wa mapatro, upande wa pili mtu wa wafanyakazi. Yule wa wafanyakazi alikuwa wetu. Sindika njo zilimpendekeza. Alisikia kile kifungu kama wengine, akanyamaza, juu hakuna siku hata moja tulimkalisha na kitabu kipya mkononi.

Kwa hiyo tangu pale, Siku ya Mungu moja kila mwezi, kisha misa, tunakutana kwenye biro ya sindika na kode ya kazi, kifungu kwa kifungu. Wanaofika si wengi. Wale wenzetu wanaokaa kando ya mwamuzi tunawaomba wafike wa kwanza. Na kama mwamuzi mmoja anasoma hii karatasi na anataka kuja kukaa nasi, kutufundisha au kusoma pamoja, kiti chake kiko.