Kikombe cha Nyonga

Kila Ijumaa, katika misikiti ya Mji wa Kale hapa Mombasa, naona viti vikiongezeka pembeni mwa safu. Wenye viti si wavivu wa kusujudu, nyonga zimewakatalia. Wachache kati yao wamepata nyonga za kutengenezwa, wakarudi kupanda ngazi za nyumba zao. Nilipowauliza wanafunzi wangu ni nani aliyeifanikisha kazi hiyo, darasa lilikaa kimya.

Ni John Charnley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1911 mjini Bury, mwana wa mfamasia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu Misri akiwa daktari wa jeshi. Baada ya vita alikutana na mgonjwa aliyewekewa nyonga ya plastiki ngumu, ambayo ililia kila alipoinama. Wengine wangecheka. Charnley alijiuliza kwa nini inalia.

Mwalimu wa fizikia atakaye mfano na aitazame milango ya nakshi ya Ndia Kuu, izungukayo kwa ncha iliyo ndani ya tundu la kizingiti. Tundu likikauka, mlango hulia. Charnley aliamua kupunguza msuguano: kichwa kidogo cha chuma cha pua, milimita 22 tu, ndani ya kikombe cha tefloni, plastiki itelezayo mno.

Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa vikombe hivyo katika hospitali ya Wrightington, wakatembea kwa furaha. Haikupita miaka mingi, tefloni ikalika. Vumbi lake likauchokoza mwili, mfupa ukamomonyoka. Charnley hakumsingizia mgonjwa wala mtengenezaji. Alikiri kosa, akawapasua tena wengi wao kwa mikono yake mwenyewe. Vitabu vyetu vya sayansi, vipendavyo kusimulia ushindi mtupu, ukurasa huu huuruka. Nami naona ndio wenye somo.

Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, alipewa kipande cha aina ya polithini ngumu iliyotumika katika mitambo ya nguo. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaidharau. Craven aliitia mashineni hata hivyo. Bosi aliporudi safarini, ilikuwa haijalika ila kidogo sana. Safari hii Charnley hakutaka kumtanguliza mgonjwa: alijitia vipande vya plastiki zote mbili katika paja lake. Baada ya miezi kadhaa tefloni ilikuwa imezusha vinundu, polithini ilitulia. Kikombe kipya kilianza kutumika Novemba 1962.

Hata hapo hakukitoa ovyo. Daktari aliyetaka kukitumia ilimpasa kwanza aende kujifunza kwake. Wagonjwa wake wengi waliridhia nyonga zao zitolewe wakishafariki, ili zipimwe zimelika kiasi gani. Kwetu ombi hilo lingezua mjadala mkali, na sioni ubaya wa mjadala huo kuanzia darasani.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki Agosti 1982. Madaktari wangali wanaweka vikombe vya polithini hadi leo.