Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari Rally aliyeacha somo la gia

KATIKA mwalo wa Kibirizi, mkoani Kigoma, dereva anayelitoa gari lililosheheni dagaa kwenye mchanga hujua jambo moja: akiiachia klachi ghafla huku akikanyaga mafuta kwa pupa, magurudumu huzunguka pale pale na kuchimba shimo. Asiye na papara huondoka. Jambo hilo hilo, kwa kasi kubwa zaidi, ndilo lililowatenganisha washindi na walioshindwa katika Safari Rally enzi za marehemu Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia yenye asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba. Alianza mbio za magari akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alilazimika kuhamia Kenya na kuanza maisha upya.

Miezi michache baadaye, wakati wa Pasaka ya mwaka 1973, alijitosa katika Safari akiwa na msoma ramani wake, Lofty Drews. Gari lao lilikuwa Datsun 240Z, gari la spoti lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, gia za mkono, na nguvu zote zikienda magurudumu ya nyuma.

Gari la namna hiyo halikuwa na mitambo ya kielektroniki ya kumsahihishia dereva makosa. Wakati wa kuondoka kwenye tope, ilibidi injini ishikiliwe katika mzunguko wa wastani, klachi iachiwe hadi ianze kushika, kisha mafuta yaongezwe kadiri matairi yanavyoshika ardhi. Wakati wa kushusha gia kabla ya kona, dereva alipaswa kufunga breki na, klachi ikiwa imekanyagwa, kuigusa pedeli ya mafuta kidogo ili mzunguko wa injini ulingane na gia ya chini. Asipofanya hivyo, magurudumu ya nyuma yangeweza kujifunga na gari kuyumba, huku meno ya gia yakiumia. Katika mashindano ya maelfu ya kilomita, kosa la siku ya kwanza lililipwa siku ya mwisho.

Mwaka huo uzito wa kila kosa ulionekana wazi. Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Mehta alitangazwa mshindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Kisha alishinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty katika magari ya Datsun Violet. Hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara tano ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Ajali mbaya aliyoipata mwaka 1987 katika mbio za Mafarao nchini Misri ilikatisha safari yake ya udereva. Baadaye aliutumikia mchezo huo kama kiongozi katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Alifariki dunia jijini London mwezi Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.